Fenoli na vioksidishaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, kuanzia karafuu mpaka maji ya bomba

Maswali haya nimeulizwa na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, mafundi wa maji, wapishi na watu wa nyumbani. Mengine yalikuwa swali lilelile lililovaa kanzu tofauti, nikayaunganisha. Asiye na haja ya kemia ya ndani anaweza kuruka mpaka swali la ndizi na mbilingani, ila akikwama arudi kwenye swali la tatu, maana ndilo linalobeba mengine yote.

Fenoli ni kitu gani, na nitaikuta wapi nje ya kitabu?

Chukua kaboni sita zilizoshikana mduara, kila moja na hidrojeni yake. Hiyo ni benzeni, mama wa jamii ya aromatiki. Ng'oa hidrojeni moja, pachika OH mahali pake, umepata fenoli, C6H5OH. Ndiyo iliyokuwa ikiitwa asidi kaboliki, ambayo daktari Joseph Lister aliitumia Glasgow kuanzia 1865 kuzuia vidonda visioze.

Lakini jina fenoli ni la ukoo mzima. Kila molekuli yenye OH iliyokaa moja kwa moja kwenye pete ya namna hiyo ni ndugu. Ponda karafuu, harufu inayokupanda puani ni yujenoli, na hiyo ni fenoli. Ukali wa pilipili ni wa kapsaisini, nayo ni fenoli. Vanila, ukakasi wa chai ya rangi, mafuta meusi ya ganda la korosho, lignini inayoufanya mti usimame wima: kote humo mna pete na OH.

Pombe nayo ina OH. Kwa nini yenyewe haigeuki kahawia ikikaa wazi?

Tofauti ni jirani. OH ya ethanoli imekaa kwenye kaboni ya kawaida, na kuing'oa hidrojeni yake kunahitaji karibu kilojuli 440 kwa moli. Ya fenoli hutoka kwa kilojuli 365 hivi. Pete ndiyo inayorahisisha kazi: hidrojeni ikiondoka, elektroni iliyobaki peke yake haing'ang'anii kwenye oksijeni, bali husambaa mpaka kwenye kaboni mbili za jirani na ile ya upande wa pili wa pete. Mzigo uliogawanywa ni mwepesi.

Halafu fenoli ni asidi, ingawa ni dhaifu. Kwenye maji yenye pH 10, yaani ya alikali, kinyume cha uchachu, karibu nusu yake huwa imeshaachia hidrojeni na kuwa fenoksaidi yenye chaji hasi, na fenoksaidi hutoa elektroni kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana magadi, ambayo ni alikali, huharakisha mambo haya yote. Pairogaloli, fenoli yenye OH tatu, ikiyeyushwa kwenye alikali hufyonza oksijeni kwa uroho kiasi kwamba wanakemia waliitumia miaka mingi kupimia kiasi cha oksijeni ndani ya gesi.

Tupe hatua kwa hatua: kioksidishaji kikiikuta fenoli, nini hutokea?

Kioksidishaji ni mnyang'anyi wa elektroni. Kinaweza kuwa oksijeni ya hewani, klorini, pamanganeti, ozoni, hidrojeni peroksaidi, au chuma chenye chaji tatu. Majina ni mengi ila njia wanayopita haitofautiani sana, na mimi huifikiria kama barabara yenye vituo.

Kituo cha kwanza: elektroni moja na hidrojeni moja zimeondoka, imebaki radikali ya fenoksi, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenza. Hiki ni kiumbe cha haraka, hakikai. Kikimkuta mwenzake huungana naye, kaboni kwa kaboni au kaboni kwa oksijeni, na molekuli mbili zinakuwa moja kubwa. Hiyo ni njia ya kuchepuka, na ndiyo inayoleta utando, lami na rangi nzito.

Kituo cha pili: elektroni ya pili nayo imekwenda. Fenoli yenye OH mbili, kama katekoli au haidrokwinoni, hapa inageuka kwinoni, yaani pete ile ile ambayo OH zake zimekuwa oksijeni tupu zenye kifungo maradufu. Kwinoni nyingi zina rangi ya njano mpaka nyekundu, na zina njaa. Zikiona protini huishika. Zikiona fenoli nyingine huiunga. Fenoli yenye OH moja tu hulazimika kwanza kuongezewa oksijeni nyingine ndipo ifike hapa.

Kituo cha tatu ni pete kupasuka. Mduara unafunguka na kuwa uzi wa kaboni sita wenye asidi huku na huku, kisha uzi unakatwakatwa: asidi ya maleiki, ya oksaliki, ya fomiki. Rangi inapotea kwa sababu pete iliyokuwa ikiibeba haipo tena. Mwisho wa barabara ni kaboni dioksaidi na maji.

Sasa, lililo muhimu kuliko majina ya vituo ni hili: vioksidishaji vingi havifiki mwisho. Huishiwa nguvu njiani, na pale vinapoishia ndipo panapoamua kama umepata chai nzuri, ndizi mbaya au maji yenye harufu ya hospitali.

Kwa nini chupa ya fenoli kwenye maabara ya shule ina rangi ya waridi?

Kwa sababu imekuwa ikifunguliwa. Fenoli safi ni fuwele nyeupe zinazoyeyuka kwenye nyuzi 41. Hewa na mwanga huigusa kidogo kidogo, inatokea kwinoni kiduchu, hiyo nayo inashikana na fenoli iliyobaki, na uwaridi unaanza. Kiasi kilichooksidika huwa kidogo sana. Rangi ndiyo yenye makelele. Nilipokuwa nafundisha, kijana mmoja aliniambia chupa yetu "imeiva". Sikumsahihisha.

Usiishike kwa mkono. Fenoli huunguza ngozi na kuitia ganzi kwa pamoja, kwa hiyo mtu huchelewa kujua ameumia.

Ndizi, viazi na mbilingani huwa vyeusi vikimenywa. Ndimu inazuiaje, na chumvi je?

Ndani ya seli, fenoli zimefungiwa chumba kimoja na kimeng'enya kiitwacho polifenoli oksidesi chumba kingine. Kisu kinavunja ukuta baina yao, na hewa inaingia. Kimeng'enya hicho kina atomu mbili za shaba ambazo hukamata oksijeni na kuitumia kuigeuza fenoli kuwa kwinoni. Kwinoni zinaungana, weusi unakuja. Kwenye ndizi mshambuliwa mkuu ni dopamini, ile ile inayotajwa kwenye habari za ubongo. Kwenye mbilingani ni asidi ya klorojeniki, ambayo licha ya jina lake haina klorini hata chembe.

Ndimu hufanya kazi mbili. Uchachu wake unashusha pH mpaka kimeng'enya kinalegea. Na vitamini C yake huirudishia kwinoni elektroni zake, inakuwa fenoli tena kabla haijapata nafasi ya kuungana. Ila vitamini C hutumika ikaisha. Kachumbari ya parachichi yenye ndimu kidogo hubaki kijani saa ya kwanza, ya pili ikaanza kununa.

Chumvi ni habari nyingine: kloraidi yake hukizuia kimeng'enya, tena vizuri zaidi kukiwa na uchachu. Maji ya kulowekea viazi hufanya kitu rahisi zaidi ya hivyo vyote, yanazuia hewa. Na ukivichemsha, kimeng'enya kinakufa na mchezo umekwisha. Fenoli ziko pale pale lakini hakuna wa kuzisukuma.

Kwa hiyo chai nyeusi ni majani yaliyoharibika?

Ni majani yaliyoharibiwa kwa ustadi. Kiwandani, iwe Kericho au Mufindi, majani hunyaushwa kwanza, mara nyingi saa 12 mpaka 18, kisha hupitishwa kwenye mashine za CTC zinazoyasaga, kuyachana na kuyaviringisha. Lengo ni lile lile la kisu kwenye mbilingani: kuvunja kuta. Yakiachwa hewani, kwa kawaida saa moja hadi moja na nusu, ukijani unakuwa rangi ya shaba, na harufu ya majani mabichi inageuka tamu kama ya tunda. Wenyewe kiwandani huita kuchachusha. Jina hilo limezoeleka, ingawa hakuna hamira wala bakteria anayehitajika. Ni oksidisho tupu.

Katekini, yaani fenoli za majani ya chai, ndizo zinazobadilika. Aina moja yenye OH mbili kwenye pete yake na nyingine yenye OH tatu zote zinakuwa kwinoni, kisha zinakumbatiana na kuunda pete mpya ya kaboni saba. Hiyo ni theaflavini, inayotoa ule mng'ao wa dhahabu na mkato mdomoni. Zikiendelea kuungana zinakuwa thearubijini, kahawia nzito. Fundi akichelewesha, theaflavini inapungua, kikombe kinakuwa cheusi lakini bubu. Hewa ya moto ya kukaushia ndiyo inayokiua kimeng'enya na kusimamisha basi kituoni. Chai ya kijani hukiua mapema zaidi, kwa mvuke au kikaango, kabla safari haijaanza.

Na limau likiingia kwenye chai ya rangi, mbona inapauka?

Hapo hakuna oksidisho. Thearubijini ni asidi dhaifu. Zikiachia hidrojeni zinakolea, zikirudishiwa zinafifia. Limau linazirudishia. Tia magadi kiduchu uone inavyorudi kuwa nyeusi.

Kwa nini wabanguaji wa korosho mikono huwa myeusi na kubabuka?

Kati ya ganda la nje na la ndani la korosho mna mafuta mazito ambayo karibu yote ni fenoli: asidi ya anakadi, kadoli na kadanoli, kila moja ikiwa na mkia wa kaboni 15. Mkia huo ndio hatari yake, kwa sababu unaipenyeza fenoli kwenye mafuta ya ngozi. Hewani mafuta hayo hugeuka meusi na kunata, na doa lake halitoki kwa sabuni; linasubiri ngozi yenyewe ichubuke. Wanaobangua kwa mkono hujikinga kwa kupaka mafuta ya kupikia au majivu viganjani. Glavu ni bora, ingawa nimewasikia wengi wakisema zinawapunguzia kasi, na malipo ni kwa kilo.

Mkorosho una ndugu Japani na China, mti wa laka, ambao utomvu wake una urushioli, fenoli yenye OH mbili. Mwaka 1883 mwanakemia Hikorokuro Yoshida alionyesha kwamba utomvu huo haukauki kama rangi ya kawaida. Kuna kitu ndani yake kinachoufanya ufyonze oksijeni na kugandamana, na ukiuchemsha uwezo huo hupotea. Kitu hicho leo tunakiita lakesi, kimeng'enya kingine cha shaba. Urushioli ikiingia ngozini huoksidika kuwa kwinoni, kwinoni inashika protini za mwili, na mwili unaanza kupigana na protini zake uliozizoea. Ndipo mwasho na malengelenge. Mwembe nao ni wa ukoo huo huo. Aliyewahi kung'ata embe bichi bila kuondoa utomvu wa kikonyo anajua midomo inavyokuwa.

Nimesikia vanila iliwahi kutengenezwa kwa karafuu. Ni kweli?

Ni kweli, na ni mfano mzuri wa kumdhibiti mnyang'anyi. Yujenoli na vanilini zina pete moja, OH moja na kipande kimoja cha methoksi. Tofauti ni mkia wa kaboni tatu. Ukiukata mkia huo pahala sahihi, karafuu inanukia vanila. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Ulaya viliifanya hivyo kwa mafuta ya karafuu, wakati ambapo Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiongoza duniani kwa zao hilo, hadi lignini ya viwanda vya karatasi ilipoichukua biashara katika miaka ya 1930.

Tatizo lilikuwa OH. Ukimwaga pamanganeti moja kwa moja, itaacha mkia na kuirukia fenoli, upate lami. Kwa hiyo kwanza walichemsha yujenoli na alikali ili kifungo maradufu cha mkia kisogee karibu na pete, kisha wakaifunika OH kwa kofia ya asetili. Fenoli iliyovikwa kofia haitoi hidrojeni. Kioksidishaji kikaukata mkia, kofia ikavuliwa, vanilini ikabaki.

Maji ya bomba yana harufu ya dawa ya hospitali. Klorini imezidi?

Mara nyingi si kwamba imezidi. Imekutana na fenoli na haikutosha kuimaliza.

Klorini kwenye maji huwa asidi ya hipoklorasi. Hiyo ni kioksidishaji, lakini kwa fenoli hupenda kwanza kupachika klorini kwenye pete, upande wa jirani na OH au ule wa kuikabili. Zinazaliwa klorofenoli, na pua na ulimi wa binadamu vimepewa ukali wa ajabu juu yake. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, 2-klorofenoli huweza kuonjwa kwenye mikrogramu 0.1 kwa lita. Hiyo ni gramu moja kwenye maboza 1,000 ya lita 10,000. Yenye klorini mbili, 2,4-diklorofenoli, ni mikrogramu 0.3, yenye tatu ni 2. Kikomo cha kiafya cha hiyo yenye tatu ni mikrogramu 200, kwa hiyo utaikataa bilauri muda mrefu kabla haijakudhuru kwa njia hiyo.

Angalia mpangilio: klorini ikiongezeka kwenye pete, ladha inafifia, na klorini ikizidi kabisa pete inapasuka na harufu inakwisha. Ndiyo maana mtambo wenye shida hii wakati mwingine huongeza dozi badala ya kuipunguza, kisha huondoa ziada. Au huhamia klorini dioksaidi, ambayo licha ya jina huchukua elektroni bila kupachika klorini kwa kiwango kile. Hilo la kuongeza ni kazi ya mtambo wenye vipimo. Nyumbani usijaribu.

Kasi nayo ina tabia yake. Kwenye pH 7 fenoli moja tu kati ya 1,000 imeachia hidrojeni, na hiyo moja ndiyo inayofanya karibu kazi yote. Ukipanda kuelekea pH 8 au 9 mmenyuko unakimbia; ukizidi hapo klorini yenyewe inalegea.

Fenoli hutoka wapi? Mwani na majani yaliyooza bwawani, lami iliyopakwa tangi, mpira wa bustani, valvu mpya. Kama jirani yako hana harufu hiyo, tafuta kwenye paipu zako. Chujio la mkaa hai huiondoa, kuchemsha hakutegemewi.

Na si harufu peke yake. Mwaka 1974 Johannes Rook wa Rotterdam alieleza jinsi klorofomu inavyozaliwa klorini inapokutana na mabaki ya mimea kwenye maji. Pete zenye OH mbili zilizopishana kwa kaboni moja, kama za resosinoli, ndizo hodari wa kuitoa. Njia ya kuizuia ni kusafisha maji yasibaki na rangi ya majani kabla ya kutia klorini. Kuacha klorini kwa kuogopa klorofomu ni kumkimbia nyoka na kuangukia kipindupindu.

Naweza kuchanganya jiki na ile dawa ya kahawia inayokuwa nyeupe kama maziwa kwenye maji?

Hapana. Dawa nyingi za aina hiyo zina kloroksilenoli, ambayo ni fenoli. Jiki itaishambulia, zote mbili zitadhoofika, na utabaki na mchanganyiko wa klorofenoli usioujua. Ukitia na kitu kichachu itatoka gesi ya klorini. Tumia moja, suuza, ndipo nyingine.

Tunasafisha maji taka yenye fenoli. Tukitia peroksaidi maji yanakuwa kahawia zaidi. Tumekosea?

Hamjakosea, mmesimama katikati. Hesabu kwanza: kuipeleka fenoli mpaka kaboni dioksaidi kunahitaji moli 14 za hidrojeni peroksaidi kwa moli moja, yaani kama kilo 5 za peroksaidi halisi kwa kilo ya fenoli. Kwa pamanganeti ya potasiamu ni karibu kilo 16, na tope la manganizi juu yake. Wengi hutia robo ya hapo kisha wanashangaa.

Peroksaidi peke yake ni mvivu. Ikipewa chumvi ya chuma kwenye pH ya karibu 3, hutoa radikali za haidroksili ambazo hazichagui. Ndiyo njia ya Fenton, kwa heshima ya Henry Fenton aliyeeleza mmenyuko huo 1894. Rangi ya kahawia inayotokea dakika za mwanzo ni kwinoni na haidrokwinoni zikishikana. Msisimame hapo na kumwaga mtoni: katika majaribio ya bakteria, haidrokwinoni na benzokwinoni ni sumu kali kuliko fenoli mliyoanza nayo. Rangi ikishafifia na asidi fupi zikabaki, bakteria wa bwawa la kusafishia maji taka wataimalizia kazi kwa bei nafuu kuliko kemikali yoyote.

Maji ya bromini na fenoli: ni oksidisho?

Kwa mtihani, jibu ni ubadilishanaji: bromini tatu zinaingia, mashapo meupe ya 2,4,6-tribromofenoli yanashuka. Usiandike oksidisho.

Krimu ya kung'arisha ngozi imegeuka kahawia ndani ya kopo. Bado inafaa?

Haikufaa tangu mwanzo. Ikiwa ndani mna haidrokwinoni, kama ilivyo kwa mikorogo mingi, ukahawia huo ni fenoli iliyooksidika. Nchi zetu za Afrika Mashariki zimezipiga marufuku kama vipodozi. Haidrokwinoni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, lakini ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha weusi wa kibuluu usiotoka, jambo lililoelezwa na madaktari Afrika Kusini tangu 1975. Mtu alitaka weupe, amepata kinyume chake.

Haidrokwinoni hiyo hiyo, kuna mbawakawa mmoja anaihifadhi tumboni pamoja na peroksaidi. Akitishwa huvichanganya na vimeng'enya kwenye chumba kidogo mkiani, vinalipuka mpaka joto la karibu nyuzi 100, na adui anamiminiwa benzokwinoni inayochemka. Yeye anajua kuitumia.

Kama fenoli huoksidika hivi, inakuwaje tunaambiwa zinazuia oksidisho?

Ni sababu hiyo hiyo. Vitamini E ni fenoli: radikali inapoanza kuyachachisha mafuta, fenoli huipa hidrojeni yake na yenyewe inakuwa radikali tulivu isiyoendeleza fujo. Hujitoa kafara. Kuhusu tangazo la "chai ina vioksidishi pinzani maradufu", uliza wamepima vipi. Kipimo cha Folin–Ciocalteu kinachotumika sana huhesabu chochote kinachotoa elektroni, vitamini C ikiwemo, na husema tu kilichotokea kwenye chupa.

Kuna jaribio la kufanya nyumbani?

Kata mbilingani vipande vinne: kimoja kikavu, kimoja kwenye ndimu, kimoja kwenye maji ya chumvi, kimoja kichemshwe dakika mbili. Nenda kafue, urudi baada ya nusu saa.

Ukiwa na pamanganeti ya duka la dawa, yeyusha chembe moja ndogo kama punje ya sukari kwenye bilauri ya maji, ipate zambarau. Dondosha chai ya rangi iliyopoa, tone kwa tone. Zambarau inakufa mbele ya macho yako na kuwa kahawia ya manganizi, wakati tone la maji matupu haliifanyi kitu. Usinywe, na usiguse chembe kwa kidole: doa litakaa siku kadhaa, na litakuwa la kahawia pia.